Sauti Iliyohama

Mwalimu alirudi kutoka shuleni akakuta bomba la uani linatiririka na mama yake ameinama, ananawa mikono. Akamwamkia. Mama hakuitikia, naye si mtu wa kuacha salamu ya mwanawe ipite hivihivi.

Miezi michache nyuma, aliyekuwa akiinama hapo ni Mwalimu mwenyewe. Kwa miaka alinawa mpaka ngozi ikachunika, maana kila alipotaka kufunga maji, sauti ilimwambia sikioni: bado. Dawa zilishindwa, waganga nao walifukiza mpaka wakachoka. Mwishowe daktari wa upasuaji wa ubongo akamtoboa fuvu, mgonjwa akiwa macho, akachoma sehemu ndogo sana ndani ya ubongo. Mwalimu alinusa harufu ya mfupa unaotobolewa, kisha kichwani pakawa kimya. Alilia kwa raha.

"Mama, funga maji."

"Nakuja, mwanangu."

Hakufunga. Mwalimu akasogea, na harufu ileile ya mfupa ikampanda puani, ikitoka kwenye pumzi za mama, na chini ya mlio wa maji akasikia midomo ya mama ikinong'ona bado, bado, kwa sauti nzito isiyo yake, huku maji yakienda mekundu mtaroni na mikono ile haikomi, haikomi hata alipoikamata kwa nguvu zake zote.

Akafunga bomba kwa kiwiko.

"Mwenye sauti ile amekuingiaje?" alinong'ona.

Mama alijikokota mpaka kizingitini, akaketi. "Siku ile walipokuingiza chumba cha upasuaji, nilibaki mlangoni. Nikamsikia yeye, si wewe, analia humo ndani. Nikamwambia, mwache mwanangu, njoo kwangu."

"Kesho twende kwa daktari. Utapona kama nilivyopona mimi."

"Najua nitapona." Mama alizungumza polepole, kama anayeogopa kusikiwa. "Na yeye akitoka kwangu, ataenda wapi? Humu nyumbani tuko wawili tu, mimi na wewe."

Mwalimu alileta kitambaa safi, akapiga magoti, akaanza kumfunga vidole kimoja kimoja. Uchovu ukamzidi mama, akasinzia palepale, kichwa kimeegemea mlango.

Kinywa chake kikafunguka.

"Msikilize mama yako," ile sauti nzito ikasema, kwa upole. "Hapa nimepapenda."