Padi ya Pili

Mektilda alichomeka waya jua likizama, na mashine ya gemu haikuwaka. Hata kile kijitaa chekundu cha mbele hakikuonekana.

"Umeona," alisema shemeji yake Joakim, aliyekaa mlangoni mwa banda. "Kuku tulimchinja kule kijijini Zagayu, mfumu wetu wa ramli akamsoma matumbo. Marehemu kafunga kitu chake. Isipowaka leo, shemeji, unafunga mizigo. Unakuja kwetu."

Kwenda kwao maana yake kurithiwa. Ndaki, mumewe, hakuwa amemaliza hata mwaka kaburini, na huyu mdogo wake alishamtengea chumba. Banda hili la gemu hapa Bariadi ndilo lililomlisha Mektilda na binti yake, Anna. Bila mashine, hakuwa na pa kusimamia.

"Kuku hajui umeme," alijibu. "Nyamaza nifanye kazi."

Akajaribu soketi nyingine. Kimya. Akachomoa waya wa redio, unaofanana kabisa na ule wa mashine, akauchomeka. Kimya. Akachomoa kila kitu, akaikandamiza swichi kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, akajaribu tena.

Kimya...

Basi akachomoa waya, akashika bisibisi. Stika aliyoibandika Ndaki mwenyewe juu ya skrubu ilikuwa haijaguswa. Akaibandua, akafungua.

Harufu ilimfikia kwanza. Damu.

Ndani, juu ya pawasaplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, kulikuwa na unyoya wa kuku uliofungwa uzi mweusi. Ulikuwa bado umelowa.

"Umeuweka wewe?"

"Yule kuku tulimzika," Joakim alinong'ona, uso umemsawijika. "Tulimzika na manyoya yake yote."

Mektilda aliuinua kwa ncha ya bisibisi, akautupa nje. Akarudisha mfuniko. Waya ulikuwa bado sakafuni.

Tii.

Mashine ikawaka.

Uwanja wa mpira ukajaa kwenye televisheni. Padi ya pili ya kuchezea, iliyolala mkekani, ikaanza kubonyezeka yenyewe. Tik... tik... Kisha sauti ikatoka kwenye spika, ya Ndaki kabisa.

"Mektilda... rudi Zagayu."

Joakim alitoka mbio bila kuaga. Mektilda naye aliinuka akimbie, akafika mlangoni, na hapo ndipo alipoelewa alichosikia. Tangu Anna azaliwe, Ndaki hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Alimwita Mama Anna, kama waume wote wa kwao, hata siku ile alipokuwa akikata roho.

"Wewe si mume wangu," alisema. "Sijui umetumwa na nani, wala sijali. Hapa sitoki."

Sauti ikacheka taratibu.

Akaketi mkekani, akachukua padi ya kwanza. "Haya. Ukinifunga, nahama. Nikikufunga, kesho mashine inafanya kazi."

Alikifunga kitu kile mabao matatu, jasho likimtiririka mgongoni.

Kesho yake mashine iliwaka kwa waya wake, na vijana wakajaa bandani. Joakim hajakanyaga tena. Lakini kila jioni wateja wakishaondoka, padi ya pili huanza kubonyezeka, na Mektilda huketi, hucheza kwa dau lile lile, hushinda, kisha hufunga mlango na kwenda kumpikia Anna.

Tatizo ni kwamba kile kitu kinajifunza. Juzi walitoka sare.