Majani ya Mama

"Haya majani umeyatoa wapi?"

Nakshi aliuliza huku kitambaa chenye michoro ya majani kikizidi kutoka kwenye mashine, bado kina joto. Wenzake kiwandani walimpa jina hilo kwa mkono wake wa kuchora. Aliyeulizwa alikuwa mchumba wake, mtaalamu wa kompyuta na mkuu wa kitengo kiwandani hapo. Harusi yao ilibakiza wiki tatu.

"Kompyuta ndiyo imeyatunga."

"Kompyuta haikumjua mama yangu. Jani lenye mshipa uliokatika katikati alilichora yeye tu, mkono ulipoanza kumtetemeka."

Mwanaume akainamisha kichwa.

"Nilipiga picha madaftari yake siku niliyokuja kwenu kuhani msiba wake. Nikaziingiza kwenye programu ijifunze, itunge mapya. Nilitaka nikushtukize siku ya harusi."

"Unishtukize kwa jina lako?"

Pindoni mwa kitambaa, penye jina la mbunifu, palichapwa jina la mwanaume peke yake. Nakshi akavua pete, akaiweka juu ya meza na kutoka.

Jioni simu ikaita mara nne, hakupokea. Ukaingia ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Meneja aliponisifu nilishindwa kumsahihisha."

Akajibu: "Usiniombe mimi kwanza. Kaseme palepale uliposifiwa."

Asubuhi, mbele ya kiwanda kizima, mwanaume akasimama.

"Michoro ile si yangu. Ni ya marehemu mama mkwe wangu. Niliichukua bila kumwomba mtu ruhusa."

Meneja akaamuru mashine izimwe, na palepale akamvua ukuu wa kitengo. Nakshi alisikiliza akiwa mlangoni, machozi yakimlengalenga. Akatoka uani kumpigia baba yake.

"Amekiri, baba. Mbele ya watu wote."

"Na wewe moyo wako unasemaje, mwanangu?"

"Nampenda. Ila simwamini."

"Basi mwambie yote mawili. Usimfiche hata moja."

Saa za kutoka alimkuta mchumba wake getini, kabeba kwenye boksi vitu alivyoondoa ofisi ya mkuu wa kitengo.

"Sikuachi," Nakshi alisema. "Lakini tarehe ile siolewi."

"Nitasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoweza kuniacha peke yangu na madaftari ya mama nyumbani kwenu, roho yako ikatulia."

Nakshi akashika upande mmoja wa boksi, na wakavuka barabara pamoja.