Rawda na Fomu ya Mjomba Mahmudi

Kila alasiri Rawda akirudi chuoni alimkuta mjomba wake, Mahmudi, ameketi barazani, mikono ameitia katika beseni la maji moto yenye chumvi. Mahmudi alikuwa mchukuzi katika bandari ya Kismayu, Somalia. Magunia ya sukari yalikuwa yameanza kumkakamaza vidole, na vidole hivyo ndivyo alivyopigia gitaa. Na gitaa alilijua, wallahi! Harusi za Wabajuni, watu wa visiwa vya pwani hiyo, hazikunoga bila yeye.

"Mwaka mmoja zaidi wa magunia," alizoea kusema, "na gitaa nitalitundika ukutani."

Siku moja zikaja habari kwenye simu: shule moja ya muziki ya mtandaoni inatafuta walimu wa gitaa. Mwalimu angefundisha akiwa kwake nyumbani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Mahmudi Kiingereza hakukijua. Rawda, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa msomi wa nyumba.

"Nijazie, mwanangu," alisema Mahmudi. "Andika nimezaliwa kisiwani Ngumi, nakaa Kismayu. Usipunguze, usiongeze."

"Sawa, mjomba."

Lakini alipofika penye mahali pa kuzaliwa, Rawda alisita. Ngumi! Nani huko duniani aliyewahi kuisikia Ngumi? Tangu utotoni aliwasikia jamaa zao waliokimbia vita wakisema kwamba ugenini jibu jepesi ni Mombasa. Ukilitaja, huulizwi mengine. Basi akaandika Mombasa, pa kuzaliwa na pa kuishi. Penye lugha hakukitaja Kibajuni. Chini kulikuwa na kiapo kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Hakumsomea mjomba, akabonyeza tu, na moyoni akajiona hodari.

Video ya Mahmudi akipiga gitaa, iliyotumwa pamoja na fomu, ilipendwa, akaitwa kwenye usaili. Siku hiyo alivaa kanzu iliyopigwa pasi, Rawda akamshikia simu. Kwenye kioo akatokea Bi Hafswa, mkuu wa walimu.

"Umepiga vizuri mno," alisema. "Nami nimekulia Mombasa. Wewe mtaa gani?"

Mahmudi alishangaa. "Mombasa? Sijapata kufika, bibi. Mimi ni mchu wa Ngumi," alisema, akitamka "mtu" kwa Kibajuni.

Bi Hafswa akatazama karatasi zake. "Fomu yako inasema Mombasa."

Mahmudi akamgeukia Rawda. Rawda akainamisha macho, na mjomba akaelewa.

"Fomu ni yangu," alisema polepole. "Kosa ni langu."

"Lo, masikini!" alisema Bi Hafswa. "Darasa hili ni la watoto wa Kibajuni walioko Ulaya. Wazazi wao wanataka mwalimu wa visiwani, awafundishe kwa lugha yao. Nimemtafuta mwezi mzima! Lakini kanuni yetu haina mlango wa nyuma: mwombaji aliyeapa uwongo hapokelewi mwaka huo."

"Ni mimi!" Rawda alipiga kelele. "Mjomba aliniambia niandike Ngumi. Mimi ndiye niliyedanganya!"

"Nakuamini, mwanangu," alijibu Bi Hafswa kwa huzuni. "Laiti ungelisema kweli kwenye fomu. Mwakani aombe tena." Akaaga, kioo kikawa cheusi.

Rawda alilia. Mahmudi hakumpiga, wala hakumbembeleza. Alivua kanzu, akaikunja, akavaa nguo zake za bandarini, kwani meli ya sukari ilikuwa imetia nanga.

"Mwakani utaijaza tena wewe mwenyewe," alisema, "na kila neno utanisomea kabla ya kubonyeza."

"Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe. Lakini sikia, Rawda. Yule bibi hakuidharau Ngumi, na wale wazazi wanaililia. Uliyeidharau ni wewe, mtoto wake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imeishia mgongoni mwangu."

Akatoka kwenda kupakua magunia.