Mashine ya Harufu na Ukuta Uliolowa

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Makeke alifungua kabati, akatoa sare yake ya shule na kuinusa. Kisha akakunja uso. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida, kama wengine wanavyoamka na kutazama saa.

Nyumbani walimwita Makeke kwa sababu hakuweza kukaa kitako palipokuwa na jambo la kufanya. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alilala chumba kimoja na mdogo wake wa kike, ambaye naye aliitwa Kijino tangu jino lake la mbele lilipong'oka akakataa katakata kulitupa. Chumba chao kilipakana na bafu. Nyuma ya kabati, rangi ya ukuta ilikuwa imevimba na kubanduka, na doa jeusi lenye ukijani lilizidi kupanda juu. Ukuta ulinuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa ndani ya ndoo, na kila kilichokaa ndani ya kabati kilinuka vivyo hivyo.

"Baba, sare inanuka tena," alisema alipotokea sebuleni.

Baba yake alikuwa fundi bomba. Alikuwa amepiga goti sakafuni akipanga spana zake kwenye begi. "Nimekusikia, mwanangu. Kesho nitautazama huo ukuta."

"Hata jana ulisema kesho."

"Ndiyo, ila jana mteja alikuwa na maji yanamwagika mpaka barazani. Ningemwachaje?"

Mama alikuwa akifunga kilemba, tayari kwenda kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Alicheka kidogo. "Mganga hajigangi," alisema, "na fundi bomba hulala kwenye maji."

Baba naye akacheka. Makeke hakucheka. Aliona kwamba kila alipolisema jambo hilo liligeuzwa mzaha, na mzaha ukiisha kila mtu alishika njia yake, na ukuta ukabaki palepale.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Msichana waliyekaa naye dawati moja alikuwa na tabia ya kufungua dirisha mara tu Makeke alipoketi. Siku moja akamwinamia na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kwenu nguo mnaanika wapi?"

Aliuliza kwa upole, wala hakuwa na nia ya kumdhihaki. Lakini upole ule ulimchoma Makeke kuliko tusi. Siku nzima alikaa amebana mikono ubavuni, asinyooshe kidole hata kwa maswali aliyoyajua.

Jumamosi hiyo shangazi yake alikuja kuwatembelea. Alikuwa msusi mwenye saluni yake mwenyewe, na hakuwahi kuja mikono mitupu. Safari hii alitoa kwenye mkoba mashine nyeupe yenye umbo la yai, ikiwa na waya wa umeme, pamoja na vichupa viwili vya mafuta ya manukato, kimoja cha mchaichai na kingine cha mkaratusi.

"Nimenunua kubwa zaidi kwa ajili ya saluni," alisema. "Hii mtatumia nyinyi. Wifi, unatia maji mpaka kwenye huu mstari, unadondosha tone moja au mawili ya mafuta, unawasha. Halafu dirisha liwe wazi, na ukishaisikia harufu unazima. Mafuta haya ni makali, si maji ya kunawa."

Akabonyeza kitufe. Mvuke mwembamba ukapanda, na sebule ikajaa harufu safi ya mchaichai. Makeke alivuta pumzi akafumba macho. Alijiona amepata dawa ya shida zake zote.

Jioni aliomba mashine ikae chumbani kwao, na mama hakuona ubaya. Aliiweka mbele ya kabati lililo wazi, mvuke uingie kwenye nguo. Siku mbili tatu ilikuwa raha tupu. Lakini kila alipozima mashine, harufu ya ukuta ilirudi kama deni. Akaongeza matone. Ikarudi. Akafunga dirisha ili manukato yasitoke, kisha akaziba na kanga kuukuu nafasi iliyokuwa chini ya mlango. Hata hivyo asubuhi, sare ilinuka mchaichai na ukungu kwa pamoja, na mchanganyiko huo ulikuwa wa kuchefua.

"Haiwezekani," alinong'ona kwa hasira, akiirusha sare kitandani. "Yaani nifanye nini tena?"

Kijino alianza kukohoa wiki hiyo. Kifua chake kilikuwa chepesi kushikwa tangu utotoni, kwa hiyo mama alidhani ni mafua, akamchemshia maji ya kunywa na kumvika sweta. Makeke alikumbuka kusikia watu wakisema mkaratusi hufungua kifua. Akaona hapo atakuwa ameua ndege wawili kwa jiwe moja, ukungu na kikohozi. Alimwaga maji ya mchaichai, akatia mapya, akadondosha mkaratusi bila hata kuhesabu.

"Macho yananiwasha, dada," Kijino alisema.

"Hiyo ni dawa inafanya kazi. Lala kidogo."

Alasiri ile baba alikuwa kwa mteja na mama alikuwa amelala chumbani kwake baada ya zamu ya alfajiri. Makeke alikaa sebuleni akifanya hesabu za shule, na hesabu zenyewe zilimgomea. Alikuwa anafuta jibu kwa mara nyingine aliposikia mluzi mwembamba kutoka chumbani. Mwanzoni alidhani ni mashine. Alipofungua mlango, mvuke mzito wa mkaratusi ulimpiga usoni mpaka akapepesa macho. Kijino alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mabega yakipanda na kushuka, mdomo wazi. Mluzi ulikuwa unatoka kifuani mwake. Alijaribu kusema "dada" akashindwa.

Makeke aling'oa waya ukutani, akasukuma dirisha, akambeba mdogo wake mgongoni na kutoka naye nje huku akimwita mama. Mama alitoka bila viatu. Alimtazama mtoto mara moja tu, akamchukua, na wote wakaenda mbio hadi kituo cha afya kilichokuwa mtaa wa pili.

Muuguzi hakuwauliza mengi. Alimvalisha Kijino barakoa ya plastiki iliyotoa mvuke wa dawa, akamketisha wima na kumsikiliza mgongoni. Polepole mluzi ulipungua. Rangi ilipoanza kumrudia mtoto midomoni, ndipo muuguzi alipomgeukia mama.

"Hii ni pumu, na kuna kitu kimeichokoza. Nyumbani kuna jambo lolote jipya? Dawa ya mbu, rangi, moshi?"

"Hakuna," mama alisema. "Ni mafua tu yaliyomshika wiki hii."

Makeke alimsogelea muuguzi. "Kuna mashine ya harufu," alisema. "Nilitia mafuta ya mkaratusi mengi. Na nilifunga dirisha. Nilidhani yatamsaidia."

Mama alimgeukia. "Shangazi yako alisema nini mbele ya sote? Tone moja au mawili, dirisha wazi. Hukusikia?"

"Nilisikia." Machozi yalimjaa, lakini sauti ilimtoka yenye hasira kuliko alivyotaka. "Na mimi nimesema mara ngapi kwamba ukuta umelowa? Kila siku nasema. Nguo zinanuka, shuleni wananifungulia dirisha, nikisema mnacheka. Ningefanya nini?"

Baba alikuwa amefika mlangoni. Jirani aliyewaona wakikimbia alimpigia simu, naye akaja na begi lake la kazi begani, suruali imelowa hadi magotini. Alimtazama Kijino, akamtazama Makeke. Kisha akaweka begi chini.

Muuguzi alivuta kiti karibu na Makeke. "Umefanya vizuri kusema kweli, maana sasa najua kilichoichokoza pumu yake," alimwambia. "Sikiliza. Mafuta haya yametoka kwenye mimea, lakini kutoka kwenye mimea hakuyafanyi yawe salama kwa kila kifua. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuyafurahia kidogo, chumba kikiwa wazi. Kwa mtoto mdogo, tena mwenye pumu, harufu kali humbana njia za hewa, na mkaratusi haufai kabisa kuwekwa karibu naye. Hilo ndilo kosa lako." Akainua macho kuwatazama wazazi. "Na ukungu wa ukutani nao huchokoza pumu. Huo si wa mtoto huyu kuuondoa."

Walirudi nyumbani Kijino akiwa na dawa yake ya kuvuta, na usiku ule wote walilala sebuleni.

Asubuhi baba hakutoka kwenda kwa mteja yeyote. Alisogeza kabati, akaupiga ukuta kwa patasi na nyundo. Sehemu ya kwanza aliyobomoa ilikuwa kavu. Ya pili pia. Alisonya, akafuta jasho, akabomoa tena, vumbi likawaingia hadi kwenye nywele. Makeke alimshikia tochi mpaka mkono ukamuuma.

"Hapa," baba alisema hatimaye. Bomba la bafu lilikuwa limeachia kwenye kiungio, na maji yalikuwa yakichuruzika taratibu ndani ya ukuta. "Tazama. Kazi ya nusu siku. Nimeiacha karibu mwaka mzima."

Alibadilisha kiungio. Mama alikwangua ukungu akiwa amefunga kitambaa puani, na Kijino akapelekwa kwa jirani mpaka kazi iishe. Ukuta uliachwa wazi ukauke vizuri kabla ya kupigwa plasta na rangi. Nguo zote zilifuliwa upya na kuanikwa juani. Mashine ilirudi kwa shangazi, ambaye alijilaumu kwa kutomkumbuka mtoto mwenye kifua chepesi, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Siku walipomaliza kupaka rangi, baba alikaa sakafuni karibu na Makeke, wote wawili wakiwa na madoa meupe mikononi.

"Wewe ulikosea," alisema. "Uliambiwa namna ya kutumia kitu, ukazidisha, na mdogo wako akalipia. Usitie dawa wala mafuta karibu na mtu kwa kudhani tu. Uliza kwanza."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikosea kuliko wewe. Harufu mbaya si adui, ni mjumbe. Inakuja kukwambia kuna kitu kinaoza mahali. Ukiifunika kwa harufu nzuri, umemnyamazisha mjumbe, na kinachooza kinaendelea kuoza. Wewe uliifunika kwa manukato, mimi niliifunika kwa maneno matamu. Siku nyingine ukiniambia jambo nikakucheka, niambie tena mpaka ninyamaze nikusikilize."

Makeke alifikiri kidogo. "Basi, baba, bomba la jikoni linadondosha tangu juzi."

Baba alimtazama, akafungua kinywa kutaka kusema "kesho", akakifunga. Alisimama, akachukua spana, akaenda jikoni.