Wote Wawili Walitega Sikio

"Kama si wewe, nitajie mtu mwingine aliyekuwa kwenye chumba kile."

"Daktari alikuwepo, dada. Na muuguzi."

"Muuguzi anamjulia wapi mchumba wangu?"

Walikuwa wamesimama mbele ya jengo lenye kuba kubwa kuliko yote mjini, wageni wawili wenye siku moja tu ya kutembea, na badala ya kulitazama jengo walikuwa wanatazamana wao. Dada mkubwa alikuwa fundi wa lipu. Tangu alipoanza kushika mwiko alitamani kuliona kuba lile, na mdogo wake ndiye aliyepanga safari ili amtoe mawazoni. Wiki tatu nyuma, watu wa mchumba walivunja posa. Walikuwa wamesikia kwamba daktari alimwambia dada huenda asipate mtoto. Katika ukoo mzima, siri hiyo waliijua wao wawili tu, maana mdogo ndiye aliyemsindikiza hospitali. Hakuwa ameitoa popote. Lakini utamwonyesha nini mtu ili aamini kwamba hukufungua mdomo?

Asubuhi yote walizunguka mitaa ya majumba ya kale. Dada alipapasa nguzo, akagonga kuta kwa kidole, akasifu kona zilizonyooka. Mdogo, akitaka kumchekesha, akasema kwa mapapaso yale bora aolewe na ukuta. Alijuta hata kabla hajamaliza. Hapo ndipo ugomvi ulipoamka upya.

Ndani walipokewa na mwangalizi wa jengo, mama mnene mwenye kishada cha funguo kiunoni. Aliwaeleza kwamba ukinong'ona kwenye ukuta wa upande huu, aliye upande wa pili, hatua sitini mbali, atakusikia kana kwamba umemlalia begani. Mmoja aseme, mwingine asikilize, kisha wapokezane. Halafu akapunguza sauti.

"Ila msitege sikio wote wawili kwa pamoja, wanangu. Ukuta usikose mtu wa kusema."

Mdogo alicheka. Mama yule hakucheka. Alirudi mlangoni kwake.

Dada alikuwa amekunja pua. Alisema ananusa lipu mbichi, akauliza ni nani anayepiga lipu humu. Hapakuwa na ndoo, jukwaa wala tone sakafuni. Jengo lilikuwa na miaka mia tatu, na kuta zake zilikuwa kavu kabisa.

Kila mmoja akashika upande wake. Mdogo aliegemeza sikio na kuapa hatasema neno. Aliyemsingizia mwenzake ndiye aanze kuomba radhi. Kisha sauti ya dada ikamjia, ya chini, ya karibu sana.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilikukosea."

Machozi yakamlenga. Akanong'ona kwamba amemsamehe, waende zao nyumbani. Akasikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Walipokutana katikati alinyoosha mikono amkumbatie. Dada akarudi nyuma.

"Kumbe ni wewe. Umekiri kwa mdomo wako."

"Nimekiri nini? Si wewe umeniomba radhi?"

"Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nasikiliza."

"Hata mimi. Nilikujibu tu," mdogo akasema.

Mwangalizi aliposikia aliuliza jambo moja tu, kama kuna aliyeijibu ile sauti. Mdogo akainamisha kichwa. Mama yule akaanza kufunga madirisha, ingawa ilikuwa saa tisa mchana. Aliwaambia kwa haraka kwamba jini la humo halina sauti yake, huazima ya aliyenyamaza, na kwamba wasiachane hata kidogo mpaka wafike kwao.

Njiani dada alitembea mbele. Aliuliza, bila kugeuka, ni jini gani linalojua habari za hospitali.

Gesti walikofikia ilikuwa na bafu mwisho wa korido. Dada alichukua ndoo ya maji. Mdogo alimshika nguo, akamkumbusha maneno ya mwangalizi. Dada akajichomoa, akamwambia afunge mlango na asimfuate, kwa leo amemchoka.

Mdogo akafunga komeo, akasimama hapohapo, akasikiliza ndala za dada zikienda, jua likiwa bado kali dirishani na watu wakicheka barabarani, mpaka ndala ziliposimama ghafla katikati ya korido na ikasikika sauti ya msichana akimwita dada taratibu, sauti yenye mkwaruzo kidogo wa mafua, na alipojishika koo lake mwenyewe lililokuwa na mafua tangu jana akatambua kwamba ile ilikuwa sauti yake, ikieleza neno kwa neno jinsi alivyokwenda kwa mchumba, alivyokaribishwa kiti, alivyosema yote, nayo ilikuwa inasema kwa furaha.

Ndoo ikaanguka. Maji yakapita chini ya mlango, yakamlowesha vidole vya miguu. Alitaka kupiga kelele kwamba yeye yuko ndani, lakini sauti yake ilikuwa imeazimwa. Akashika komeo.

Upande wa pili mtu aliegemea ubao wa mlango. Ilikuwa pumzi ya dada, anayoijua tangu utotoni walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

"Mdogo wangu, nimekuamini, si wewe uliyekiri," alinong'ona. "Usifungue. Uko huku nje na mimi, umenishika mkono."