Nywila Niliyoibadilisha Ijumaa

Kila Ijumaa nyumbani kwetu Migori kazi huanza mapema. Mimi hupiga pasi nguo za kanisa, mama hupika chakula cha Sabato, na jua likikaribia kuzama tunazima simu zote na kuziweka kikapuni. Kisha mama huuliza, "Kuna mtu ana jambo na mwenzake?" Mwenye jambo husema, husamehewa, ndipo tunaomba.

Ijumaa hiyo nilikuwa na jambo, na sikutaka kulisema.

Nilipotoka shule, filamu niliyotazama kwenye kishikwambi ilikwama kila dakika. Nikaamua, bila kumuuliza mtu, kwamba jirani yetu anti Awino ndiye anayetumalizia mtandao. Mama alimpa nywila ya waifai tangu mumewe alipolazwa hospitalini Homa Bay. Nikakigeuza kisanduku cha waifai, nikasoma namba zilizobandikwa chini yake, nikaziandika kwenye kivinjari. Ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Jina na nywila ya kuingilia pia vilikuwa kwenye kibandiko hicho hicho. Nikabadilisha nywila ya waifai. Filamu ikaenda vizuri, nami nikajiona mjanja kweli.

Saa kumi na mbili kasorobo anti Awino akabisha.

"Mama Bitutu, simu yangu imekataa mtandao. Wanampeleka kwa upasuaji saa kumi na mbili."

Mumewe alikuwa na uvimbe kooni na sauti ilikuwa imemtoka. Simu ya kawaida haikuwafaa. Kila jioni walikuwa wakipigiana simu ya video, anti akizungumza, yeye akijibu kwa mikono.

Mama akajaribu simu yake. Nayo ikakataa.

"Bitutu, umegusa kile kisanduku?"

"Hapana, mama. Labda mtandao umepotea."

Anti Awino akaketi mlangoni, akawa anafuta kioo cha simu kwa leso yake, tena na tena. Hakulia. Afadhali angelia.

"Basi tumwombee pamoja," mama akasema, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Akaleta kikapu, akauliza kama kawaida, "Kuna mtu ana jambo na mwenzake?"

Nikaitazama ile leso ya anti.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha nywila ili nitazame filamu. Nisamehe, anti."

Nilichukua simu yake, nikaandika nywila mpya. Zilibaki dakika nne. Uso wa mumewe ukatokea, amevaa gauni la hospitali. Anti akamwambia watoto wamekula, na kwamba paa halivuji tena. Yeye akaweka mkono kifuani, akautuliza hapo mpaka muuguzi alipoichukua simu.

Asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, anti Awino alikuja kutuambia kwamba mumewe ameamka salama baada ya upasuaji. Nililia pale pale, nguo za kanisa zikalowa.

Alipoondoka, mama aliniketisha karibu naye.

"Kuufungua ule ukurasa ni ujuzi, Bitutu, na mimi mwenyewe sina. Kesho utanifundisha. Lakini ulimfungia mtu kabla ya kumuuliza ana shida gani, halafu ukanidanganya huku ukimwona ameketi mlangoni. Filamu ungeitazama hata wiki ijayo. Yeye alikuwa na dakika chache tu, na nyingine uongo wako ulizila. Ukikosea, sema upesi, maana kuna mtu anangoja."

Jumapili nilimfundisha. Nywila mpya aliichagua anti Awino.