Kikuba Mgongoni mwa Kobe

Mwaka ule wa tisini na sita mitumba ilikuwa imemwagwa hadi njiani soko zima la Tandika, na Chausiku, mwalimu wa chekechea, alipita katikati ya wachuuzi amekumbatia kitu ndani ya kanga. Alivaa gauni la zambarau. Mtandio wake mweupe ulimteleza kila hatua, na mkono wa kuushika hakuwa nao.

"Sista, mtoto wako hapumui," alisema kijana mmoja kutoka kibanda cha kutengeneza redio.

"Mtoto wapi? Hiki chombo cha shule. Kimegoma."

"Lete basi. Mie Nurdin, fundi wa vilivyogoma."

Ndani ya kanga mlikuwa na kidubwasha cha plastiki chenye magurudumu mawili chini na vitufe vya mishale mgongoni: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kulikuwa na kitufe cha kijani cha kwenda na chekundu cha kufuta. Mgeni aliyefundisha kwa kujitolea alikiacha alipoondoka, na watoto walikiita Kobe.

"Unampa amri zote kwanza, moja baada ya nyingine, ndipo ubonyeze cha kijani," Chausiku alieleza. "Anazishika kichwani, anazifuata kwa mpangilio. Watoto wa miaka mitano wanaweza."

"Na mie wa ishirini na saba je?"

"Wewe tutaona."

Waya tu ndio uliokatika. Nurdin alimrudisha Kobe shuleni mwenyewe, akaja tena kumkagua, na tena, na tena. Chombo kizima hakikaguliwi mara nne kwa mwezi. Tuseme ukweli, walishapendana, na simu ya ofisini ilikuwa haipoi.

Kasoro ilikuwa Jabiri, mfanyabiashara wa Kigamboni, aliyeleta posa. Baba mdogo wa Chausiku, aliyemlea, alitaka jibu Ijumaa. Chausiku alimwambia Nurdin Jumatatu, kwenye simu.

"Laazizi, ningoje hadi Jumatano. Nitakuja darasani niseme mbele ya watu," Nurdin alijibu.

"Useme wewe? Mbele za watu unamezaga mate tu!"

"Basi atanisemea Kobe."

Jumatano asubuhi watoto walimtembeza Kobe kutoka mlangoni hadi dirishani: mbele mara mbili, kulia, mbele mara tatu. Kila zoezi likiisha, Chausiku huimba, "Kwanza futa!" na kubonyeza chekundu, la sivyo amri za zamani hutangulia mpya. Siku hiyo alisikia sauti ya Nurdin getini, akakimbilia kioo cha ofisini kujipaka wanja.

Nurdin aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi. Alimweka Kobe mlangoni, akabonyeza amri zake, kisha akamwekea mgongoni kikuba, kishada cha asumini cha kuvaa kifuani. Pwani hii mwanamume hampelekei mwanamke kikuba kwa bahati mbaya. Chausiku alitokea na wanja jicho moja, na Nurdin akabonyeza cha kijani.

Kobe akaenda mbele, mbele, akageuka kulia, akanyoosha moja kwa moja hadi miguuni pa Tekla, mwalimu mwenzake kutoka Bukoba, aliyekaa dirishani. Tekla akamwinua, magurudumu yakiendelea kuzunguka hewani, akanusa maua.

"Jamani fundi! Asante!"

"Mwalimu Tekla ana mchumba!" watoto wakashangilia.

Nurdin alinyoosha mkono, akaurudisha. Kumnyang'anya mwanamke kikuba mkononi mbele ya watoto hakuthubutu.

"Hongereni," Chausiku alisema, akatoka. Alilia chooni hadi wanja ule wa jicho moja ukaisha.

Alhamisi simu ililia.

"Chausiku, nisikilize, Kobe amekosea..."

"Kobe hakosei. Anakwenda anakotumwa, na wewe ndiye uliyemtuma." Akakata simu. Jioni, kwa hasira tu, alimwambia baba mdogo kwamba watu wa Jabiri waje kesho baada ya swala wapewe jibu la ndiyo.

Ijumaa asubuhi alimtoa Kobe kabatini, moyo mzito. "Kwanza tufanye nini?" aliuliza kwa mazoea.

"Kufutaaa!" watoto wakaitika.

Kidole chake kikasimama juu ya kitufe chekundu. Juzi nani alifuta? Akaukumbuka wanja.

Alimwinua Kobe hewani, akabonyeza cha kijani. Magurudumu yakazunguka, naye akahesabu amri za watoto zikipita bure: mbele, mbele, kulia, mbele, mbele, mbele. Hapohapo akamtua mlangoni, pale alipowekwa na Nurdin. Kobe akaenda mbele mara nne, akageuka kushoto, akasogea kidogo, akasimama kwenye kiti cha Chausiku.

"Mwalimu, unalia?"

"Mwalimu amekosea," alijibu. "Tekla, dada yangu, nishikie darasa."

"Nenda! Maua yako nimeyatia kwenye glasi ya maji. Kwetu ni ya mezani, mie ningejuaje?"

Alifika Tandika anahema, Kobe ndani ya kanga kama siku ile ya kwanza. Nurdin alikuwa ameinamia redio.

"Amegoma tena?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hajagoma. Aliyekosea mie. Sikufuta amri za watoto, kikuba changu kikaenda kwa Tekla. Nisamehe, Nurdin."

Nurdin aliweka bisibisi chini. "Siku mbili nahesabu upya zile hatua, nikidhani nimekosea."

"Ulihesabu sawasawa. Amefika kwenye kiti changu."

"Na Jabiri?"

"Watu wake wanakuja leo baada ya swala."

Nurdin alitazama saa. Yalibaki masaa mawili. "Nifundishe basi, mwalimu wangu. Naanza na ipi?"

Chausiku alikishika kidole chake, akakibonyeza kwenye kitufe chekundu. "Kwanza futa. Kisha mjomba wako aende kwa baba mdogo sasa hivi, kabla ya adhana. Kisha posa. Kisha mahari. Kisha ndio uje wewe, na kanzu uipige pasi."

"Na cha kijani?"

"Hicho simwachii mtu." Akakibonyeza mwenyewe.

Kobe hakusogea, maana hakubakiwa na amri yoyote kichwani. Aliyetoka mbio ni Nurdin, kuelekea kwa mjomba wake, kibanda akikiacha wazi na redio zake zote, na Chausiku akavuta kigoda akakaa kuzilinda.